MBAO AU CHUMA? Dari za Mikocheni zilivyoachana na mbao, na kwa nini mbao haijakubali kufa

Ingia sebule yoyote mpya ya Mikocheni, iwe ya dada anayeposti kila kitu mpaka chai ya asubuhi, iwe ya mzee mstaafu asiyependa hata kupigwa picha, halafu usiangalie sofa wala televisheni. Inua shingo utazame juu. Utakuta dari nyeupe pee, imekatwa ngazi mbili au tatu, taa zimefichwa pembeni zinatoa mwanga wa bluu usiku, na katikati kuna duara au ua. Hiyo ndiyo jipsam. Mjini siku hizi nyumba bila jipsam inahesabika haijaisha, hata kama mwenye nyumba kashahamia na watoto wanasomea humo humo.

Ila kinachouma vichwa vya watu hakionekani. Kipo juu ya hiyo jipsam, gizani, kati ya dari na kenchi. Fundi akija kupima lazima aulize swali moja: "Bosi, blandaring tunapiga ya mbao au ya chuma?" Wengi wanajibu kwa kuangalia bei tu. Wachache wanajua kwamba swali hilo lina historia ndefu, na watu wa pwani hii wamekuwa wakilijibu tangu enzi za majahazi.

Mti ulioamua upana wa chumba

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita Kilwa mwaka 1331. Kwenye habari zake anaisifia Kilwa kwa uzuri, na anasema nyumba zake ni za mbao na dari zake za matete. Fikiria, mtu katoka mbali kote huko na bado akainua shingo kutazama dari za watu! Kwa hiyo tabia hii haikuanza na Instagram.

Waliokuwa na uwezo walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kilwa, Lamu, Pate mpaka Unguja, dari za nyumba hizo zilibebwa na boriti za mikoko. Zinapangwa boriti moja pembeni ya nyingine kutoka ukuta mpaka ukuta, juu yake vinalazwa vipande vya mawe, halafu linamwagwa zege la chokaa. Tatizo ni kwamba boriti ya mkoko haivuki mbali. Mita 2 na nusu, ikizidi sana 3, basi. Ukilazimisha zaidi, inapinda kwa uzito. Ndiyo maana vyumba vya nyumba kongwe za Mji Mkongwe na Lamu ni virefu na vyembamba kama korido. Watalii wanapiga picha wanasema ni mtindo wa kipekee. Kumbe ni urefu wa mti tu.

Boriti nyingi zilitoka delta ya Rufiji, kusini mwa Dar, na visiwa vya Lamu. Ziliuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na majahazi yalizibeba mpaka Oman, Kuwait na bandari nyingine za Ghuba ambako miti ni shida. Vyumba vya huko navyo vikachukua upana ule ule wa mkoko wa kwetu. Wajerumani walipoona pesa iliyolala kwenye ile mikoko, mwaka 1898 waliiweka misitu ya delta ya Rufiji chini ya serikali yao, na wenyeji waliokuwa wakikata miti ya kujengea wakajikuta wanahitaji ruhusa kwa mti wa nyumbani kwao. Kenya baadaye, mwaka 1982, ikapiga marufuku kabisa kuuza boriti za mikoko nje ya nchi, maana misitu ilikuwa inaisha.

Nyumba isiyo na dari haina siri

Watu wa kawaida hawakuwa na boriti za kupanga namna hiyo. Nyumba ya Kiswahili, ile unayoijua Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke, ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Ukuta wa fito na udongo, juu makuti. Baadaye yakaja mabati ya madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na mwisho bati lenyewe la dukani. Dari hamna. Ukilala unaona makuti au bati moja kwa moja.

Hapa ndipo penye utamu. Nyumba nyingi za namna hii kuta za ndani hazikufika juu kwenye paa. Ziliishia njiani ili upepo upite, maana bati la Dar mchana linachoma kama kikaango. Upepo ulipita kweli, na maneno nayo yakapita. Mpangaji wa chumba cha kwanza akikohoa, wa chumba cha tatu anamwambia pole. Mume na mke wakigombana usiku, asubuhi kisimani kila mtu anajua nani alimwambia nani nini. Umbea wa uswahilini watu wanausingizia tabia za akina mama, wakati nusu ya kesi ilikuwa ni ukuta kutofika juu. Ilibidi wapenzi waongee kwa kunong'ona, na walioshindwa kunong'ona walifungulia redio.

Wakati huo huo Oysterbay, kwa wazungu, nyumba zilikuwa na dari. Mji wakati wa ukoloni uligawanywa: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, kila mmoja na kiwango chake cha ujenzi. Kwa hiyo dari ikawa alama. Ilimaanisha una siri zako, una baridi yako, na panya wako wanakimbia juu bila kukuangukia mezani. Walioishi kota za serikali zilizojengwa miaka ya 1940 na 1950 pale Ilala, Temeke na Magomeni walikuwa wameshaanza kuonja maisha ya nyumba ya kupangwa, lakini ndoto kubwa ilibaki ile ya Oysterbay.

Ndoto hiyo ndiyo ilikuja kushukia Mikocheni.

Mikocheni yenyewe jina lake ni la mti, mkoche, ule mti mrefu wenye matawi kama mikono. Baada ya Uhuru eneo lile kaskazini mwa mji lilipimwa viwanja vikubwa vikubwa, na waliopata wengi walikuwa watumishi wa serikali, wa mashirika ya umma, wasomi, maofisa. Saruji ilikuwa ya Wazo Hill, kiwanda kilichoanza kuzalisha mwaka 1966. Bati lilikuwa la ALAF. Mkopo, kwa mwenye bahati, ulitoka Benki ya Nyumba Tanzania, ile iliyoanza miaka ya 1970 na kufa mwaka 1995. Mwalimu hakupendezwa na uraibu huu wa saruji na bati. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba watu wanasubiri "udongo ulaya" wakati matofali ya kuchoma na vigae vinaweza kutengenezwa palepale walipo. Alikuwa na hoja nzito tu, ila hakuna aliyemsikiliza, na waliokuwa wanajenga Mikocheni ndio hawakusikia kabisa.

Dari za nyumba zile zilikuwa za siling bodi laini au hadibodi. Chini ya kenchi fundi anapiga mbao za mbili kwa mbili, anazivusha huku na huku mpaka zinakuwa kama wavu, ndiyo blandaring hiyo. Bodi inapigiliwa misumari kwenye wavu, na mahali bodi mbili zinapokutana panafunikwa kwa kijibao chembamba. Kwa hiyo dari nzima ilikuwa na mistari ya miraba kama daftari la hesabu. Bati likivuja, doa la kahawia linachora ramani ya Afrika juu ya meza ya chakula na linabaki hapo miaka ishirini. Lakini ile mistari ya vijibao ilikuwa na faida moja ambayo watu wameijua baada ya kuikosa: ilificha nyufa. Mbao ikijikunja, bodi ikisogea milimita mbili, hakuna aliyeona.

Mmarekani naye alikuwa na shida yake

Jipsam kwa Kiswahili cha vitabu ni jasi. Ni jiwe laini, linachimbwa hapa hapa Tanzania, Makanya kule Same, Itigi mkoani Singida, na Kilwa. Ukilisaga na kulichoma kwa joto la nyuzi kama 150, linapoteza maji na kuwa unga. Ukirudisha maji, linaganda tena kuwa jiwe. Mmarekani Augustine Sackett mwaka 1894 alipata hataza ya bodi yenye matabaka ya jasi na karatasi. Kampuni ya United States Gypsum ikamnunua mwaka 1909, na kufikia 1917 ilikuwa inauza bodi yake kwa jina la Sheetrock. Mwanzoni watu waliiona ni kitu cha bei chee, cha nyumba za haraka. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyobadilisha mambo, mafundi wa plasta walikuwa wachache na nyumba zilitakiwa upesi, na baada ya vita bodi ikatawala nyumba za Marekani.

Nyumba za wenzetu wale ni za mbao kuanzia ukuta. Nguzo za mbao zinasimamishwa kila sentimita 40, bodi ya jasi inapigiliwa pande zote mbili. Sasa kwenye kona, na pale ukuta unapokutana na dari, bodi lazima ipate kitu cha kushikwa kwa nyuma. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kuongeza mbao: nguzo ya tatu kwenye kila kona, vipande vifupi kama ngazi kwenye kila makutano. Mbao ambayo haibebi paa wala ghorofa, kazi yake ni kupokea msumari tu.

Miaka ya 1970 mafuta yakapanda bei duniani, na kupasha nyumba joto kukawa gharama. Watafiti wa chama cha wajenzi wa nyumba cha kule, NAHB, wakishirikiana na wizara ya nyumba, wakaanza kuhesabu kila kipande: hiki kinabeba nini? Vingi vikaonekana havibebi kitu. Wakapendekeza nguzo zikae kila sentimita 60, na kona ile ya nguzo tatu ibaki na mbili. Badala ya mbao ya ziada inapigwa klipu, kidude cha bati au plastiki cha ukubwa wa kiganja cha mtoto. Bodi ya kwanza inaegemea kwenye klipu bila kupigwa skruu pale, bodi ya pili inakuja kuibana. Nafasi iliyobaki kwenye kona inajazwa sufi ya kuzuia baridi.

Mafundi wa zamani walicheka. Kona bila mbao? Lakini klipu ilikuwa na siri nyingine. Mbao inapokauka inasinyaa, tena inasinyaa kwa upana kuliko kwa urefu. Bodi ya jasi haisinyai. Ukizifunga pamoja kwa skruu kila upande, mbao ikisogea inaivuta bodi, na bodi inapasuka konani. Ukiiacha bodi ielee kwenye klipu, mbao inasogea kivyake na bodi inakaa kivyake. Ni kama ndugu wawili wanaopendana sana kwa sababu kila mmoja ana chumba chake.

Jipsam yafika mjini

Dar haikuchukua jambo hili kwa sababu ya baridi, baridi ya wapi! Baada ya milango ya biashara kufunguliwa wakati wa Mzee Mwinyi, kuanzia 1985, bidhaa za nje zikarudi madukani taratibu, na miaka ya 2000 jipsam ikaanza kuonekana kwenye maofisi, mahoteli, halafu majumbani. Bongo Movie nazo zilisaidia. Filamu kibao za miaka ile zilipigwa ndani ya nyumba za watu maeneo kama Mikocheni na Mbezi Beach, na kila tajiri wa kwenye filamu alipokuwa anamfukuza mkwe, nyuma yake kulikuwa na konisi na dari ya ngazi. Watu wa Mbagala na Temeke wakaiona, wakaitaka. Leo hata Knauf ya Ujerumani ina kiwanda Mkuranga, mkoani Pwani, hatua chache kutoka Mbagala.

Mwanzoni mafundi walifanya jambo la kawaida kabisa: walichukua blandaring ya zamani ya mbili kwa mbili na kupiga jipsam juu yake. Vipimo vilikubali, maana bodi ni mita 1.2 kwa 2.4, na wavu wa sentimita 40 au 60 unagawanyika sawasawa pande zote. Ila bodi hii siyo ile laini ya zamani. Bodi moja nene ya milimita 12 na ushee inafika kilo kama 25. Na zaidi ya hapo, vile vijibao vya kufunika maungio vilikuwa vimeondolewa. Sasa maungio yanapigwa tepu, yanapakwa unga wa jipsam, yanasuguliwa mpaka dari inakuwa moja kama karatasi. Dari isiyo na mstari haina pa kuficha ufa.

Na mbao yenyewe ilikuwa imebadilika. Mbao nyingi za kupaulia Dar ni za paini kutoka Nyanda za Juu Kusini, Mufindi na Njombe, ambako kuna shamba kubwa la serikali la Sao Hill na maelfu ya mashamba ya watu binafsi. Mti uliokomaa ukakaushwa vizuri hauna neno. Lakini mji una haraka na mkulima ana ada za shule, miti inakatwa michanga, inapasuliwa leo, keshokutwa iko Buguruni ingali na maji. Inapigwa darini ikiwa mbichi, juu yake kuna bati la jua la Januari. Inakauka ikiwa imefungwa, inajikunja kama samaki kwenye mafuta. Masika ikija inavimba, kipupwe inasinyaa. Halafu kuna mchwa. Mbao yenye dawa ya kweli dawa imeingizwa kwa mtambo, ila zipo zilizopakwa rangi ya kijani juu juu, na mchwa wa Mikocheni hawadanganyiki na rangi.

Mama wa Mikocheni B

Kuna mama mmoja wa Mikocheni B, jina lake libaki kwake. Nyumba aliijenga na marehemu mumewe mwanzoni mwa miaka ya 1980, wote watumishi wa serikali. Mwaka mmoja wakati binti yake anakaribia kuolewa, akaamua dari zote zing'olewe, iwekwe jipsam. Kazi akapewa fundi wa makamo kutoka Keko, kule wanakotengeneza samani, mtu aliyefanya nyumba nyingi za mtaa ule. Alipiga mbao, akapiga bodi, akamaliza wiki mbili kabla ya sherehe. Wageni walisifia. Picha za send-off zilipendeza.

Mwaka haukuisha, nyufa zikatokea. Kwanza mmoja mwembamba kama unywele juu ya mlango, halafu mwingine unakata sebule nzima. Mama akampigia fundi, fundi akaja akajaza unga, akapaka rangi. Kipupwe kilipofika ufa ukarudi palepale. Maneno yakaanza. Ikasemwa fundi alipewa hela ya mbao kavu akanunua mbichi, chenji akala. Mtaa mzima ukajua, na fundi ambaye kwa miaka mingi hakuhitaji tangazo akaanza kupitwa na kazi. Mkewe akawa anaulizwa sokoni. Yeye mwenyewe hakujibu kitu zaidi ya kusema "Mungu anaona", jibu ambalo mjini linachukuliwa kama kukiri.

Miaka miwili baadaye mama akaleta kijana mwingine, mwenye drili ya betri na kifaa cha kupima usawa kinachotoa mstari mwekundu wa taa. Kijana akafungua kipande cha dari.

"Shikamoo mama. Naomba uje uone."

"Marahaba baba. Enhe, kuna nini huko?"

"Hizi mbao zimejikunja zote. Zilipigwa mbichi. Ila aliyezipiga anajua kazi, ona, kapima sawasawa, misumari yote mahali pake. Nani alinunua mbao?"

Mama akanyamaza. Mbao zilinunuliwa na mtoto wa dada yake. Ndiye aliyesema mafundi wa siku hizi wezi, acha nikanunue mwenyewe Buguruni. Alirudi na lori jioni, na risiti haikuwahi kuonekana.

Kijana akamweleza anachotaka kufanya. Anaondoa mbao zote za chini. Ukutani anazungusha chuma chembamba cha pembe, kutoka kwenye kenchi anashusha vyuma vya kuning'iniza, anavusha chaneli kubwa, chini yake chaneli ndogo, na pale zinapokutana hakuna msumari, kuna klipu inayobana. Kenchi ikisogea kidogo, klipu inakubali. Bodi anaikata ifike karibu na ukuta lakini haifungwi kwenye ukuta, inakaa juu ya ile pembe. Ni wazo lile lile la kona za Wamarekani, limekuja Mikocheni kwa njia nyingine, likiwa limebeba dari badala ya ukuta. Kuta za kwetu ni tofali, hazina haja ya klipu.

Chuma nacho kina mambo yake, na kijana hakumficha. Mikocheni bahari iko jirani, hewa ina chumvi, na chaneli isiyopakwa zinki vizuri inaota kutu pale ilipokatwa. Zipo chaneli nyembamba ukiibonyeza kwa kidole inakunjika kama kifuniko cha soda, zinauzwa nusu bei na kwa macho huwezi kuzitofautisha mpaka uzishike. Na bati likivuja, jipsam inakunywa maji iwe imebebwa na mbao au na dhahabu. Kwanza zibwe bati. Mama akakubali yote. Kazi ikaanza Jumatatu.

Ijumaa kijana akakwama. Mama alitaka feni yake irudi sebuleni pale pale ilipokuwa, ile feni nzito ya zamani ya chuma aliyoinunua mumewe. Feni hutungiki kwenye chaneli, na kwenye jipsam ndiyo kabisa. Inazunguka, inatikisika, usiku mmoja klipu inaachia na feni inashuka juu ya watu waliokaa. Lazima ishikwe na kitu kigumu kilichofungwa kwenye kenchi yenyewe, na kenchi mbili za pale zilikuwa mbali, katikati hakuna kitu. Zamani palikuwa na gogo la mninga, wakati wa kung'oa vibarua walilitupa na mbao nyingine uani. Kijana alijua kupima, kukata na kufunga skruu. Kuchonga mbao ngumu ikae kati ya kenchi mbili zisizolingana, hiyo hakuwahi kufundishwa.

"Mama, hapa anatakiwa seremala," akasema. "Yule mzee wa Keko bado yupo?"

Mama alichukua simu, akaishika muda mrefu. Halafu hakupiga. Alivaa kanga ya pili, akatoka akakodi bajaji mpaka Keko, akamkuta fundi amekaa mbele ya banda anasugua mguu wa kitanda. Walichoongea pale hakikufika mtaani, na kwa Mikocheni hilo lenyewe ni habari. Kesho yake saa mbili asubuhi mzee alikuwa uani, anapekua rundo la mbao. Akalitoa lile gogo la mninga, akaligonga kwa kucha, akalinusa.

"Hili nililiona wakati ule napiga dari," akamwambia kijana. "Nikaliacha mahali pake. Hili ni la mwenye nyumba mwenyewe, marehemu."

Akapanda darini na randa na patasi. Kijana akawa anamshikia taa.